MUGENI NJOO, MWENYEJI APONE?
Sheria inayolinda mali ya wageni, na kesi zilizoigusa inchi yetu



Katika miji yetu ya migodi, toka Lubumbashi mpaka Kolwezi, toka Likasi mpaka Sakania, hakuna jamaa isiyojua kompanyi ya wageni. Baba anafanya kazi kule, ao mutoto anatafuta kazi kule, ao mama anauzisha mikate mbele ya mulango wake. Kompanyi inafika, inasimamisha bango, inafunga seng'enge. Kisha siku moja tunasikia kwenye radio: "Serikali imefuta mukataba." Ao tena: "Kompanyi imeishitaki Kongo huko Ulaya, inadai mamilioni ya dola."

Hapo watu wanaulizana. Namna gani kompanyi inaweza kushitaki inchi nzima? Nani anasambisha inchi? Na kama inchi imeshindwa, nani njo analipa?

Maulizo haya si ya maavoka peke yao. Yanagusa mushahara wa mwalimu, dawa ya hospitali, na kazi ya baba. Tuyatazame polepole, kwa mifano ya kwetu.

KIWANDA CHA MAPILE CHA KINSHASA

Mwezi wa Septemba 1991, waaskari wa Kinshasa ambao mushahara wao haukufaa kitu waliingia mitaani. Pilaji ikaanza. Mwezi wa Oktoba ilifika Lubumbashi na Kolwezi. Magasini yalivunjwa, viwanda vikabaki kuta tupu. Januari 1993 waaskari walilipwa kwa noti mpya za milioni tano za zaire. Wauzaji walizikataa, na pilaji ikarudia Kinshasa mara ya pili.

Kule Kinshasa kulikuwa kompanyi moja iliyoitwa SINZA. Ilitengeneza mapile na betri za gari, tena iliuzisha vyakula na vitu vingine. Hisa zake 94 kwa 100 zilikuwa za kompanyi ya Marekani, American Manufacturing & Trading, kwa kifupi AMT. Waaskari waliingia SINZA katika pilaji ya kwanza. Wakarudi katika ya pili. Mashine zikavunjwa, mali ikachukuliwa, kazi ikafa.

Watu wengi walipoteza mali katika siku zile: Wakongomani, Wagiriki, Wahindi, Waportugezi, Walebano. Wengi walilia, wakapangusa machozi, wakaanza upya ao wakarudi kwao. Lakini AMT ilikuwa na kitu ambacho muuzaji wa soko hakuwa nacho: mukataba kati ya inchi mbili. Marekani na Zaire walitia sahihi mwaka 1984, na mukataba ukaanza kufanya kazi mwaka 1989. Ndani yake kila inchi iliahidi kulinda mali ya raia wa inchi ingine. Basi mwaka 1993 AMT ikapeleka Zaire mbele ya waamuzi, huko Washington.

SHERIA HII ILITOKA WAPI?

Zamani, mali ya mugeni ikiguswa, inchi yake ilituma manowari. Mwezi wa Desemba 1902, meli za vita za Ujerumani, Uingereza na Italia zilifunga bandari za Venezuela kwa sababu ya madeni. Mwenye mizinga njo alikuwa mwamuzi.

Nyuma ya vita ya pili ya dunia, inchi nyingi zilipata uhuru, na zilitaka kushika mali yao ya udongoni. Sisi pia: tarehe 1 Januari 1967, Serikali ilichukua mali ya Union Minière hapa Katanga, ikaunda kompanyi ya inchi ambayo baadaye iliitwa Gécamines. Wenye mali wa Ulaya waliogopa. Walisema: "Kama hakuna sheria ya kutulinda, hatutapeleka tena makuta yetu inje." Inchi maskini nazo zilihitaji makuta yale.

Kutoka hapo njia mpya ikafunguka. Mwaka 1959 Ujerumani ya Magharibi na Pakistani zilifanya mukataba wa kwanza wa namna hii, inchi kwa inchi. Leo mikataba kama ile imepita elfu mbili duniani. Mwaka 1965, chini ya Benki ya Dunia, inchi zilipatana juu ya nyumba moja ya kukatia magomvi kati ya Serikali na wageni wenye mali. Jina lake kwa Kifaransa ni CIRDI, na kiti chake kiko Washington. Inchi yetu iliingia mwaka 1970. Leo inchi zaidi ya 150 ziko ndani.

Mikataba hii haifanani yote, lakini ahadi zake kubwa ni hizi:

1. Serikali haitachukua mali ya mugeni isipokuwa kwa faida ya watu wote, kwa njia ya sheria, na kwa kulipa bei ya haki.
2. Haitamubagua mugeni mbele ya mwenyeji, wala mbele ya mugeni mwingine.
3. Itamutendea kwa haki na kulinda mali yake.
4. Itamuruhusu kupeleka faida yake kwao.
5. Gomvi likitokea, mugeni anaweza kuomba waamuzi wa inje, bila kungojea tribinali ya inchi.

Ahadi hii ya tano njo meno ya mukataba. Bila hiyo, zile ine za kwanza zingekuwa maneno matamu tu.

KESI INAENDESHWA NAMNA GANI?

Si tribinali yenye waamuzi wa kudumu. Kwa kila kesi watu watatu wanachaguliwa: mushitaki anachagua mumoja, Serikali mumoja, na wa tatu, ambaye ni mukubwa wa kikao, anapatikana kwa mapatano. Kama hawapatani, CIRDI inamuweka. Pande zote mbili zinaleta barua, vipimo vya hasara, mashahidi na maavoka. Hiyo inaweza kuchukua miaka mingi, na maavoka wa kazi hii ni wa bei kali sana.

Uamuzi ukitoka, hakuna kukata rufani sawa vile katika tribinali za kwetu. Iko njia nyembamba tu: kuomba watu watatu wengine waufute, kama kuna kosa kubwa katika namna ulivyofanywa. Na kila inchi ya CIRDI imeapa kuuheshimu kama uamuzi wa mwisho wa tribinali yake yenyewe.

Katika kesi ya AMT waamuzi walikuwa Sompong Sucharitkul wa Thailand, Heribert Golsong wa Ujerumani, na Kéba Mbaye wa Senegali. Serikali ya Zaire haikukana kama pilaji ilifanyika. Ilijitetea kwa njia ingine. Kwanza, kwamba SINZA ni kompanyi ya Zaire, kwa hiyo Wamarekani hawakuwa na neno la kusema. Pili, kwamba AMT haikutendewa vibaya kuliko wengine, maana hakuna mutu mwingine aliyelipwa hasara yake.

Waamuzi walikataa. Tarehe 21 Februari 1997 walisema kwamba mukataba unalinda pia hisa ambazo Mumarekani yuko nazo katika kompanyi ya Zaire. Tena, kuwatendea wote vibaya sawasawa si kulinda: Serikali iliahidi kukesha juu ya mali ile, na haikuonyesha hatua yoyote iliyochukua ili kuikinga. Kama waliovunja walikuwa waaskari wake ao wezi wa kawaida, hilo halikubadilisha kitu. Zaire iliamuriwa kulipa dola milioni 9, pamoja na riba.

Miezi mitatu nyuma yake, Mei 1997, utawala wa Mobutu ulianguka na jina la Zaire likafutwa. Lakini deni halianguki na mutawala. Kwa sheria ya mataifa, inchi ni ile ile: mukubwa anakwenda, jina linabadilika, deni linabaki kwa mutoto anayezaliwa leo.

SI KILA MUGENI ANASHINDA

Tusidanganyike kwamba mugeni anashinda kila mara. Mwezi wa Machi 1999, kule Kinshasa, waaskari kwa amri ya tribinali ya kijeshi walifunga biro ya avoka mumoja Mumarekani, wakachukua makaratasi yake, na wafanyakazi wake wawili wakatiwa ndani. Alishitaki Kongo kwa mukataba ule ule wa Marekani. Mwaka 2004 alishinda: dola 750,000, bila kuhesabu riba na gharama. Lakini Kongo iliomba uamuzi ufutwe, na mwaka 2006 ukafutwa. Sababu? Waamuzi wa kwanza hawakuonyesha vizuri namna gani biro ya avoka ilisaidia maendeleo ya inchi, mpaka iitwe mali iliyolindwa na CIRDI.

Hapo tunajifunza neno moja: inchi inayojitetea kwa bidii, yenye makaratasi yake sawa, inaweza kusikilizwa.

MUCHANGA WA KOLWEZI

Watu wa Kolwezi wanajua Kingamyambo na Musonoi. Kwa miaka mingi Gécamines ilitupa huko muchanga uliobaki nyuma ya kusafisha madini. Muchanga ule ungali na shaba na kobalti nyingi. Kompanyi First Quantum ya Kanada ilianza kujenga kiwanda cha kuufua upya, chini ya jina la KMT. Hisa zake zilikuwa 65 kwa 100. Gécamines, Serikali, na hata Benki ya Dunia kwa njia ya SFI, walikuwa na sehemu yao.

Mwaka 2007 Serikali ilianza kupitia upya mikataba mingi ya migodi iliyotiwa sahihi wakati wa vita na nyuma yake. Watu wengi walifurahi, maana mikataba mingine ilikuwa kama kuuza ng'ombe kwa bei ya kuku. Lakini Agosti 2009 ule wa KMT ulifutwa, na kazi ikasimama. Mwaka 2010 First Quantum ilipoteza pia Frontier, mugodi wa Sakania, na Lonshi.

Kompanyi ilikwenda mbele ya waamuzi wa Chumba cha Biashara cha Kimataifa, chenye kiti Paris, kwa sababu mukataba wa KMT wenyewe ulisema gomvi lipelekwe huko. Kesi haikufika mwisho. Januari 2012 kompanyi ingine, ENRC, iliyokuwa imenunua haki juu ya muchanga ule, ilikubali kulipa First Quantum dola miliari 1 na milioni 250. First Quantum ikaachilia mali yake na mashitaka yote juu ya Kongo.

Kwa makaratasi, jambo lilikwisha. Lakini tuhesabu vizuri. Kati ya 2009 na 2012 mushahara uliosimama ulikuwa wa nani? Kodi iliyokosekana ilikuwa ya nani? Kompanyi ilipata malipo ya hasara yake. Kapita wa Kolwezi, dereva wa Sakania na mama aliyepikia wafanyakazi hawakuwa na kiti katika kikao kile.

TERILI YA LUBUMBASHI KATIKA KISIWA CHA JERSEY

Mufano huu wa tatu unashangaza zaidi. Wakati wa Mobutu, kompanyi Energoinvest ya Yugoslavia ya zamani ilifanya kazi ya umeme kwa ajili ya inchi yetu na SNEL. Haikulipwa. Mwaka 2003 waamuzi waliamuru Kongo ilipe karibu dola milioni 30. Energoinvest ikachoka kungojea, ikauzisha deni lile kwa FG Hemisphere, mufuko wa Marekani. Kazi ya mifuko ya namna hii ni kununua madeni ya zamani kwa bei ndogo na kuyadai kwa nguvu. Watu wanaiita tai, ndege wa mizoga. Kwa riba, deni likakua mpaka karibu dola milioni 100.

Tai huyo alitazama dunia nzima: wapi kuna makuta ya Kongo? Akaona terili ya Lubumbashi, mulima ule mweusi unaoonekana toka kila pembe ya muji. Makapi yake yalifuliwa kwa kobalti na kompanyi yenye kuandikishwa katika Jersey, kisiwa kidogo karibu na Ufaransa, na Gécamines ilikuwa na sehemu ndani. FG Hemisphere ikasema: "Gécamines na Serikali ni kitu kimoja. Makuta ya Gécamines yalipe deni la Serikali." Tribinali za Jersey zilikubali. Lakini tarehe 17 Julai 2012, waamuzi wa juu kule London waligeuza neno lile. Walisema Gécamines ni mutu wake mwenyewe mbele ya sheria, iko na mali yake na madeni yake. Mali yake haiwezi kukamatwa kwa deni la Serikali.

Mwaka 2011, Hong Kong nayo ilikataa kumupa FG Hemisphere makuta ambayo kompanyi za China zilipaswa kulipa Kongo juu ya mapatano ya Sicomines. Huko walisema inchi ya kigeni haishitakiwi katika tribinali zao.

Tulipona mara mbili. Lakini deni lenyewe halikufutwa kwa kupona huko. Wazee walisema: dawa ya deni ni kulipa, na deni linalosahauliwa linazaa usiku na muchana.

JIRANI NAYE

Tanzania imeonja uchungu huu. Nyuma ya kubadilisha sheria yake ya madini mwaka 2017, leseni za namna fulani zilifutwa. Kompanyi Indiana Resources ya Australia na wenzake walishitaki CIRDI juu ya nikeli ya Ntaka Hill. Mwaka 2023 waamuzi waliamuru Tanzania ilipe zaidi ya dola milioni 109. Mwaka 2024 walipatana kwa milioni 90. Ni makuta ya inchi kwa ajili ya mugodi ambao haujatoa hata gunia moja la nikeli.

Kwetu pia, mwaka 2023 kompanyi AVZ ya Australia ilishitaki Kongo CIRDI juu ya lithium ya Manono.

NA MWENYEJI JE?

Wengine watasema: "Basi tufukuze wageni wote na mikataba yao." Lakini pilaji ya 1991 ilitufundisha nini? Mali isipolindwa, mwenye kupoteza wa kwanza ni mufanyakazi. Wengine watasema: "Tutii kila neno la kompanyi, tusije tukashitakiwa." Hiyo pia ni hatari, maana woga wa kesi unaweza kuzuia Serikali kutunga sheria ya haki. Mwaka 2018, Sheria ya Migodi ilipogeuzwa, kompanyi kubwa zilipinga, na kulikuwa maneno ya kwenda mbele ya waamuzi. Hata hivyo Rais alitia sahihi tarehe 9 Machi 2018.

Uzito uko hapa: nyumba ya CIRDI iko na mulango wa mugeni kumushitaki mwenyeji, lakini haina mulango wa kijiji kushitaki kompanyi iliyochafua mutoni wake. Toka mwaka 2006, kanuni za CIRDI zinaruhusu watu wa inje ya kesi kuomba kuleta barua ya kueleza jambo. Ni dirisha, si mulango.

Basi mwenyeji ajue haki zake za nyumbani. Tuandike chache, muzikate na kuziweka:

– Kwa amri ya Mei 2011, mukataba wa migodi unapaswa kutangazwa mbele siku 60 zipite. Mukataba wa siri njo mama wa kesi.
– Kwa sheria ya 2018, kodi ya madini inayoitwa redevansi inagawanywa: 50 kwa 100 kwa Serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta ao shefferi yenye mugodi, na 10 kwa mufuko wa vizazi vijavyo.
– Kompanyi inapaswa kuweka angalau 0.3 kwa 100 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaoizunguka.
– Tena kompanyi inapaswa kupatana na watu wa mahali juu ya kaye de sharje: shule gani, maji gani, barabara gani, na kwa muda gani.

Makaratasi haya yako katika kifaransa kizito, ni kweli. Lakini katika kila mutaa kuna mutoto aliyesoma. Akae na wazee, awasomee, waulize bila matusi: 15 zetu ziko wapi?

Tunasema "mugeni njoo, mwenyeji apone". Sheria ya dunia imeandika kwa makini sehemu ya kwanza, namna ya kumupokea na kumulinda mugeni. Sehemu ya pili haitaandikwa Washington. Itaandikwa na Serikali yenye kuchunga sahihi yake mbele ya kuitia, na na wazazi wenye kuuliza mapema, mbele mukataba haujageuka kesi.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZA KATIKA JAMAA

1. Nyuma ya pilaji, nani alipoteza zaidi katika mutaa wetu: mwenye kiwanda ao mufanyakazi? Wazee waeleze watoto.
2. Je, tunajua mukataba wa kompanyi iliyo karibu na sisi unasema nini juu ya shule, maji na hospitali? Nani anaweza kutusomea?
3. Kama Serikali inataka kugeuza mukataba mubaya, ifanye namna gani ili watoto wetu wasilipe mara mbili?